Mkungu wa Jumamosi

Kijiwe cha Zita kipo Soweto, mjini Moshi, ubavuni mwa gereji ya pikipiki: benchi moja refu, paa la bati, jiko la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata. Hapo hutamkuta mtu asiyejua kitu. Yupo mzee Wenseslaus, aliyekuwa akiita mashauri mahakamani mpaka akastaafu, ndiyo maana anaitwa Hakimu ingawa hajawahi kumhukumu hata kuku. Yupo Godwin, fundi wa gereji, jina lake hapo ni Plagi. Na yupo Denis, kijana wa Kibosho, wanayemwita Usaili kwa sababu kila ukimwona anajiandaa na usaili mwingine. Jumamosi hiyo ya masika ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, ukakaa barabarani na kugoma kuondoka. Denis alikuwa na kitabu cha maswali mapajani, maana kesho yake alikuwa apande basi kwenda Dodoma kufanya mtihani wa ajira. Miguuni pake, chini ya benchi, ulikuwepo mkungu wa ndizi, kama Jumamosi zote za karibuni.

— Sikilizeni hili, alisema Denis. "Asha aliona taa inawaka kwa jirani. Akasema, jirani amerudi safari. Asha amechukulia jambo gani kuwa kweli bila kulisema?"

— Kwamba jirani ana umeme, alidakia Plagi.

— We nawe! Taa si ameiona?

— Kwamba hakuna mwingine mwenye ufunguo, alisema Hakimu. Kesi hiyo niliiita mwenyewe. Mtu karudi safari, kamkuta mwenzake mezani anakula, tena kavaa kandambili za mwenye nyumba!

Plagi aliweka kikombe chini.

— Mimi nasema hivi. Asha kachukulia kwamba aliyewasha taa ni mtu.

Zita aliacha kupepea jiko.

— Plagi, baridi yote hii bado unaniongezea nyingine?

— Si ndicho kitabu kinachouliza? Lile ambalo halijasemwa.

Denis alicheka, ila si sana. Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyomwangusha usaili uliopita. Kila sentensi aliiona imenyooka, na pale palipofichwa kitu alipita tu.

— Na mama umemuaga? Zita alimgeukia. Au unakwenda Dodoma kama mtoto wa jalalani?

Hapo ndipo palipokuwa panamuuma Denis. Kiangazi alikata mibuni ya marehemu baba yake ili apande parachichi, bila kumwuliza mtu. Mama alimwambia asikanyage kihamba kile, shamba la ukoo, mpaka akili imrudie. Tangu hapo hakupanda Kibosho, wala hakupiga simu. Alimkumbuka mama yake mpaka chakula kilikuwa hakipiti, lakini ubishi alikuwa ameurithi kwa wazazi wote wawili.

— Mama hana kinyongo, alisema. Angekuwa nacho, angeniletea ndizi kila Jumamosi? Na leo kaongeza hili.

Alichomoa jani refu la kijani lililokuwa limefungwa kwenye shina la mkungu. Lilikuwa isale. Kwao, ukiletewa jani hilo umeombwa radhi, na radhi ya isale haikataliwi.

— Mzazi amletee mtoto isale? Hakimu alivuta miwani. Hiyo sijaisikia. Isale hutoka kwa aliyekosa.

— Basi kaona kakosa yeye. Yamekwisha. Naenda zangu Dodoma, nikipata kazi nitapanda na zawadi.

Plagi alijipiga paja.

— Hilo sasa ndilo swali! Mkungu umefika, kwa hiyo mama kasamehe. Usaili kachukulia nini bila kusema?

— Kwamba isale hili ni la radhi, alisema Hakimu. Mbona mipakani mwa mashamba pia tunayapanda? Huenda anakwambia, wewe mwisho wako ni hapa.

— Na makaburini, alisema Zita kwa sauti ndogo.

Denis aliligeuza jani mkononi.

— Au kwamba mama ndiye anayekata, Plagi aliendelea. Huenda hana habari. Huenda mkungu unajikata wenyewe, unateremka...

— Plagi, nyamaza, alisema Zita.

Kwenye ukungu alitokea mwanamke mwenye dumu la maziwa kichwani, mabuti yake yamejaa tope mpaka magotini.

— Shikamoo, mzee. Naombeni kahawa, nimeganda.

— Marahaba, mama. Watoka wapi?

— Kibosho. Naitwa Kornelia. Nimeshuka kwa miguu tangu alfajiri. Daraja letu limesombwa wiki iliyopita, hata pikipiki haipiti. Na njia nzima leo sikuona mtu.

Alipoinama kutua dumu aliuona mkungu. Aligusa palipokatwa, akatazama kidole chake.

— Utomvu bado unatoka. Hizi zimekatwa leo, tena ni za kwetu juu. Nani kazileta?

— Plagi, alisema Denis. Anazichukua stendi.

— Mimi? Plagi alishtuka. Mimi nilidhani Hakimu, si ndiye anayeamka mapema?

— Mimi nilijua Zita anazipokea.

— Nikija kuwasha jiko nazikuta, alisema Zita. Nilidhani Denis kazilaza hapa.

Walitazamana. Plagi alijisogeza, miguu yake ikawa mbali na mkungu. Denis alitoa simu na kufanya kile alichokikataa muda wote huo. Ilipokelewa mara moja, sauti ikasikika benchi zima.

— Denis! Aika, mwanangu, asante sana. Mchele umefika.

— Mchele gani, mama?

— Si huu wa huko chini Mabogini unaoniletea kila Jumamosi? Na leo nimeona isale, nimelia mpaka basi. Nimekusamehe, baba. Hata ile mibuni imeshachipua.

Machozi yalimtoka Denis mbele za watu wale wote, wala hakuyaficha.

— Mama, nawe ndizi zako...

— Ndizi gani? Mgongo huu wa kukata mkungu niutoe wapi? Halafu huyo unayemtuma, mwambie asiniogope. Leo nimewahi kumwona. Kaweka mchele mlangoni, karudi nyuma, kasimama kule migombani tulipomlaza baba yako. Namwita chai, haitikii. Yupo pale mpaka sasa, kanipa mgongo.

Zita alifanya ishara ya msalaba. Denis alisimama, kitabu kikaanguka, hakuna aliyekiokota.

— Nakuja, mama. Nakuja sasa hivi.

— Njoo, mwanangu. Nimwambie akusubiri?

Denis aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Watu wale wenye majibu ya kila kitu waliinamia vikombe vyao. Aliliangalia jani la isale mkononi, akakumbuka mibuni ile ilikuwa ya nani.

— Mwambie anisubiri, alisema, akashika njia ya mlimani na jani lake.