Katembo Edmond, Piloti Aliyejua Kurudi

Mheshimiwa Padri, wazazi wetu, wakwe zetu mliotoka Alimbongo, ndugu zetu Waislamu mliofika kutoka Beni pamoja na Mzee Nassoro, majirani na marafiki wote, mimi ni Mbusa Henri, mdogo wake marehemu, na jamaa imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyoikataa mara mbili kabla ya kuikubali, na sababu yake mtaisikia humu humu ndani.

Katembo Edmond alizaliwa Alimbongo, katika territoire, yaani wilaya, ya Lubero, tarehe 17 Februari 1953, mtoto wa tano wa kiume katika nyumba ya wakulima wa viazi na ngano, akabatizwa mwezi uliofuata, akasoma masomo ya msingi hapo hapo Alimbongo kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, halafu sekondari hapa Butembo, upande wa hesabu na fizikia, akapata diploma yake mwaka 1972. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu utoto, na wale waliosoma naye wanakumbuka kwamba hakupenda kujibu swali kabla ya kulifikiria, hata walimu wakadhani hajui.

Mwaka 1974 alikwenda Kinshasa kujifunza kuendesha ndege, akapewa cheti cha piloti tarehe 2 Juni 1977, akafanya kazi miaka kumi na miwili katika shirika moja la kimisioni, akipeleka dawa na wagonjwa kwenye viwanja vya porini, mpaka mwaka 1990, ambapo Mzee Nassoro, mfanyabiashara wa Beni, alinunua ndege ndogo ya injini moja na viti sita, akamwita awe piloti wake.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa hapa Butembo na Kavuo Florentine, binti wa Alimbongo kama yeye, na Mungu akawajalia watoto watatu, Emérence mwaka 1983, Muhindo mwaka 1986, na Joyeuse mwaka 1991, wote watatu wako hapa mbele yenu.

Kazi yake wengi wenu mnaijua, na wengi mliicheka. Kila asubuhi alizunguka ndege polepole, akipitisha mkono juu ya mabawa kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa, akatoa mafuta kidogo kutoka chini ya tangi ndani ya chupa nyeupe, akainua chupa kwenye mwanga kuona kama kuna maji, na akiona tone moja tu alimwaga na kuanza upya, hata kama abiria wamekaa wakinung'unika. Aliomba mizani ya kupimia kahawa, akaiweka kwenye kiwanja, akampima kila abiria pamoja na mizigo yake, na akina mama wa biashara walikasirika sana kuwekwa kwenye mizani mbele ya watu kama magunia. Hakuonja pombe siku moja kabla ya safari, hakuruka bila mafuta ya kwenda na ya kurudi, na kuelekea milimani hakuondoka kama hana saa ya kutosha ya kufika kabla ya giza. Mtu akimwambia kwamba piloti mwingine anapita, alijibu tu, "Yeye ataenda. Mimi ningali naangalia."

Vita vilipoingia mwaka 1996, na vilipoingia tena mwaka 1998, barabara zikafungwa, wenye bunduki wakawa wengi kuliko wenye kulima, ndege ndogo zikawa ndiyo njia pekee, na ofisi za kukagua ndege zikabaki milango wazi bila mtu ndani, kwa hiyo kila piloti alibaki na dhamiri yake peke yake. Tarehe 3 Desemba 1998, kwenye kiwanja cha Mavivi karibu na Beni, mkubwa mmoja wa askari alitaka kupakia watu wanane na masanduku ya risasi katika ndege ile ya viti sita, marehemu akakataa, yule mkubwa akatoa bastola, na Mzee Nassoro aliyekuwa amesimama pale ametusimulia maneno aliyoyasema kaka yangu kwa sauti ya chini, "Mukubwa, hapa chini unaweza kuniua mimi moja. Kule juu nitatuua siye wote tisa." Alifungwa siku nne, akapigwa, akatoka na ubavu mmoja umevunjika, na mkubwa yule mwishowe akaenda kwa gari.

Sasa nafika mahali pa uchungu, na Mama Florentine ameniruhusu kupasoma, tena ameniambia nisipapunguze.

Tarehe 14 Novemba 2000, asubuhi, Kambere Jean-de-Dieu, mdogo wake Mama Florentine, mwalimu huko Manguredjipa, kijana wa miaka ishirini na sita, alipigwa risasi ya tumbo na watu wenye silaha waliomkuta njiani. Habari ilifika Butembo kwa foni, redio ya misioni, saa nane mchana, marehemu alikuwa kwenye kiwanja cha Rughenda na ndege, akatoa viti vitatu, akatandika godoro, akajaza mafuta, akapanda peke yake saa tisa na dakika ishirini, na mkewe akabaki amesimama kando ya kiwanja, na mimi nilisimama karibu naye. Baada ya dakika thelathini na tano tukasikia mlio, tukafurahi, halafu tukahesabu dakika, tukajua ya kwamba hakufika.

Alishuka, shati lake limeloa jasho, akasema, "Nimejaribu nafasi mbili kati ya milima. Milima imefungwa na mawingu."

Mama Florentine akamwambia, "Rudia. Jua ingali."

"Mama Emérence, hata nikipita, kiwanja kule iko maji, na kurudi itakuwa giza. Sitamuleta. Nitaongeza tu maiti."

Mkewe hakulia, na mimi ndiye niliyesema mbele ya watu wote, "Weye unapenda avioni yako kupita batu." Kaka yangu akaenda kuifunga ndege kamba kwa ajili ya upepo.

Jean-de-Dieu alifariki kabla ya mapambazuko. Saa kumi na mbili asubuhi mbingu ilikuwa safi, marehemu akaruka, akatua Manguredjipa bila shida, akawakuta wakwe zake wanaoishi kule wamekwisha kufunga mwili katika mashuka, na mzee wao akamwambia, "Ulichelewa, shemeji. Tutamubeba siye." Wakambeba kwa mabega mpaka Butembo, siku tatu kupitia msituni, katika vita, na kaka yangu akarudi na ndege tupu, godoro likiwa bado limetandikwa nyuma yake.

Baada ya msiba Mama Florentine alikwenda kwao Alimbongo pamoja na Joyeuse, hakusema kwamba ndoa imekwisha, ila hakurudi. Wafanyabiashara wengi wakasema ni mwoga, wakatafuta mapiloti wengine. Marehemu akahamia Beni, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye njia ya Mavivi, akawa anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, Jumapili anakaa benchi la nyuma kanisani na kutoka kabla ya salamu, na jirani yake mmoja amesema kwamba kwa mwaka mzima hakuona mgeni mlangoni pake isipokuwa Mzee Nassoro, aliyekuwa akileta sahani ya chakula sikukuu ya Idi na kukaa naye mpaka aimalize. Mimi sikwenda. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita hamsini na kitu, nami nilipita Beni mara nyingi kwa biashara zangu.

Tarehe 19 Septemba 2002, pale Mavivi, abiria wanne wakiwa wamekwisha kuketi, marehemu aliona upande wa kushoto wa kioo umejaa ukungu wakati hakuna ukungu, na mkono wake ukawa kama si wake. Ukapita baada ya dakika chache, hakuna aliyeona, ni Mzee Nassoro tu aliyesimuliwa baadaye, na katika nchi hii wakati ule hapakuwa na daktari wala ofisi ambayo ingemuuliza. Akawashusha abiria, wakamtukana, akaenda dukani kwa Mzee Nassoro na kuweka ufunguo mezani.

"Mzee, leo kitu yenye kuharibika ni mimi."

"Pumuzika siku mbili, Kapteni, halafu utarudia."

"Hapana. Ingekuwa mutu mwingine, ningemukataza. Basi najikataza."

Hakuruka tena. Ndege tu ndiyo iliyokuwa imebaki kwake, na aliiacha kwa mkono wake mwenyewe, bila mtu wa kumwambia amefanya vizuri.

Ugonjwa ulikuwa tension, yaani shinikizo la damu, nao ukashika figo. Alilazwa hospitalini Beni mwezi wa pili mwaka huu, Emérence, anayesomea uuguzi, akamtunza na kumwandikia mama yake, na tarehe 9 Machi Mama Florentine alifika kutoka Alimbongo, juu ya lori la viazi. Marehemu alifungua macho akamuuliza, "Ulikuja na nini?" Akajibu, "Na camion." Akauliza tena, "Chauffeur alikuwa mutulivu?" Mama Florentine anasema hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile. Amenituma niwasomee maneno yake, "Siku ile niliona ndege inarudi, nikamuchukia sababu yeye iko muzima. Nilichukua miaka mbili na zaidi kujua kama ni sababu ya hiyo nilimuchukia." Alikaa kando ya kitanda chake wiki nane, akimlisha, wakizungumza kidogo, na nesi mmoja alidhani wameoana juzi.

Mimi niliitwa mwezi wa nne. Nilisema barabara ina askari, lakini mwezi wa nne barabara ilikuwa wazi. Nilifika tarehe 4 Mei, alikuwa hawezi tena kusema, nikamshika mkono, sijui kama alijua ni wa nani. Alifariki tarehe 6 Mei 2003, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini. Hii ndiyo sababu niliikataa karatasi hii.

Hatujui kama siku ile njia ingefunguka, na hakuna atakayejua. Lakini katika miaka ishirini na mitano hakuna hata mtu mmoja aliyeumia katika ndege yake, na nawaangalia hapa, naona wengi aliowashusha kwa sababu ya uzito, ya mvua, ya saa, mkamwita mwoga, mkaenda nyumbani mmekasirika, mkala chakula cha jioni na watoto wenu.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa njia ya Mavivi waliomchotea maji alipodhoofika, mafundi wa ndege waliofanya kazi naye, wakwe zetu wa Alimbongo ambao asubuhi ya leo walikataa gari na kuomba jeneza lake walibebe kwa mabega, na Mzee Nassoro, aliyekuwa ndugu yake wakati sisi ndugu zake hatukuwapo.

Yaya Edmond, kaka yangu, mimi ni Henri, nimefika, nimechelewa. Nisamehe, na upumzike katika amani ya Bwana.