Mkono Niliokataa Kuutoa

Asifiwe Mungu aliyeumba maji kabla ya kumuumba mwenye kiu. Ndugu zangu wa jumuiya, mmenikalisha mbele kwenye kiti chenye mto kama bibi harusi, basi mtanisikiliza mpaka mwisho.

Mnajua nilishuka kutoka mlimani baada ya kumzika mume wangu, nikaja kukaa na binti yangu hapa Morogoro mjini. Yeye anafuga samaki wa mapambo kwenye matangi ya kioo, anawauza. Mimi kukaa bure siwezi, nikajipa kazi ya kusugua matangi. Na sisi watu wa mlimani hatuoshi kitu kwa kijiti. Nilizamisha mkono mtupu, nikasugua kwa kiganja mpaka utelezi uishe. Kidole kilikuwa na mchubuko wa kisu. Nani anajali mchubuko?

Baada ya wiki kadhaa kikatoka kinundu chekundu kidoleni. Nikasema jipu. Kikafuata kingine mgongoni mwa kiganja, kingine kwenye kifundo, kisha vikapanda mkono kwa mstari. Dawa za majipu nilizopewa zahanati nikazimaliza, vinundu havikushtuka.

Hapo ukoo ukaamka. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wangu ni mdogo kwangu kwa umri, lakini shikamoo natoa mimi. Akaja kutoka Mkuyuni na wazee wawili.

"Mpwa wangu," akasema, "kinachopanda mkono kina mwenyewe. Kikivuka kiwiko, kinatafuta moyo. Kesho tunakwenda kwa mtaalamu avitoe kwa wembe, na atutajie aliyekutupia."

Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa. Ni mkono wa kulia huu, wa jembe na wa ishara ya msalaba. Lakini nikamjibu, "Mjomba, shikamoo nakupa. Mkono sikupi."

"Unashindana na ukoo?"

"Nashindana na wembe."

Wakaondoka bila kunywa chai. Asubuhi binti yangu akanipeleka hospitali kubwa. Daktari, msichana wa kunizidi adabu, akaugeuza mkono huku na huku, kisha akauliza, "Bibi, mkono huu unashika nini kila siku?"

"Jembe, rozari na matangi ya samaki."

Akaweka kalamu chini. "Matangi?"

Akakata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yalipotoka akanieleza: kuna vijidudu, ndugu wa vile vya kifua kikuu, vinaishi kwenye maji ya samaki na huingia penye mchubuko. Haviambukizi kwa kushikana mikono. Dawa ipo, ila ni ya miezi, na nisiikatishe.

Miezi ile! Vidonge vilinichafua tumbo, na mwanzoni vinundu vilikaa palepale. Mjomba alikuwa akipiga simu kila Jumapili.

"Bado vipo?"

"Bado vipo. Na mkono bado upo."

"Yaani umerogwa na samaki wa kuchezea?"

"Mjomba, samaki wale hata kujificha nyuma ya jiwe hawajui, watajua uchawi?"

Nikameza, nikasali, nikameza tena. Kikakauka cha juu, vikafuata vingine. Makovu haya hapa, yatazameni, sifichi.

Namshukuru daktari, na binti yangu aliyenipikia uji hata nilipomkaripia. Namshukuru pia yule mama wa benchi la nyuma. Siku ile kanisani, wakati wa kutakiana amani, mkono ukiwa bado na vinundu, wengine nyote mlikumbuka ghafla kufuta watoto kamasi. Yeye aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Matangi bado naosha, kwa glavu, na mchubuko naufunika. Nanyi mkienda kwa daktari, mwambieni mikono yenu inashika nini. Wala asije mtu kuniambia kwamba kumeza dawa ni kupungukiwa imani. Niliomba huku nimeshika kikombe cha maji, na Mungu hakuona haya kunisikia.

Nawe utakayeusoma ushuhuda huu ukishaandikwa, Bwana aibariki kazi ya mikono yako, akupe daktari anayeuliza na moyo usiotishika. Amina.