Mwalimu Petang, Aliyetungoja Tuseme "Hulat"

Marehemu Perpetua Genova Tolosa, ambaye mji mzima tulimwita Mwalimu Petang, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 hapa Guimbal, mkoani Iloilo, mtoto wa tatu wa seremala Anastasio Genova na Mama Librada, muuza keki za mchele. Mimi ninayesoma ni Jovita, binti wa kaka yake. Aliniagiza nisimpambe kwa sifa za uongo, nami nitajitahidi.

Alisoma hapahapa mjini, kisha chuo cha ualimu Iloilo, alikohitimu Machi 1972. Bibi alizoea kusimulia kwamba Petang alikuwa na haya kupita kiasi. Akitumwa chumvi, angesimama dukani mpaka mwenye duka amwone mwenyewe, maana kuita alishindwa.

Mwaka 1973 alianza kufundisha lugha shule ya upili. Miaka kumi baadaye, wasichana wawili wa darasa lake walichukuliwa na wakala wa kazi za uongo, wasirudi tena. Akaona mahubiri hayasaidii, akaanzisha kikundi cha maigizo na kuzunguka nacho shule zote za pwani hii, kikiigiza yale ambayo nyumbani hatuyasemi: mimba za utotoni, baba anayepiga, mawakala. Kanuni ilikuwa moja. Mambo yakifika pabaya, waigizaji wanaganda walivyo, na mwanafunzi yeyote anaweza kusema "Hulat", yaani ngoja, akapanda kushika nafasi ya anayeonewa na kuyabadili mambo. Asiposema mtu, mchezo unaisha vibaya na watoto wanarudi darasani.

Alifunga ndoa na fundi pikipiki Krispulo Tolosa tarehe 18 Desemba 1976. Mzee Pulong, huyu mpole mnayemwona hapa mbele, aliigiza wakala mwovu kwa miaka ishirini na sita, kwa sababu, alisema Shangazi, ana sura ya kuaminika. Siku moja huko Miagao, muuza samaki aliyekuja kumtazama mwanawe alisahau kwamba ni maigizo. Alivua kandambili, akamtandika nayo Mzee Pulong kichwani, akimdai binti wa dada yake aliyepelekwa Manila. Mwaka mzima alikataa kumuuzia samaki, hata baada ya kuelezwa. "Najua ni mchezo," alimwambia, "ila mkono wangu haukubali kukupimia."

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Agosti 1994 tulikuwa tukikaa Igbaras, nami nina miaka kumi na mitano. Nguo zangu zilikuwa ndani ya mfuko, chini ya kitanda. Mama mmoja mwenye maneno matamu alikuwa amenipatia cheti cha kuzaliwa kinachosema nina miaka ishirini, na meli ya Manila ilikuwa Alhamisi. Jumanne kikundi kikaja shuleni kwetu. Shangazi mwenyewe aliigiza msichana anayetia saini. Kalamu ikagusa karatasi, wakaganda. Kimya. Mwalimu mkuu akatazama saa, akamwomba amalizie, watoto wana mtihani. Mkono wa Shangazi ulikuwa umechoka, lakini hakuushusha.

Nilisema "Hulat" kwa sauti ambayo hata jirani yangu hakuisikia. Yeye aliisikia. Nilipanda, nikaichukua ile kalamu, kuigiza kukanishinda, nikalia na kumweleza yote palepale. Yule mama hakuonekana tena Igbaras, na mimi leo ni mkunga wa mji huu. Baadaye nilimuuliza Shangazi kama alijua habari zangu. Aliapa hakujua. "Kimya cha watoto wenye usingizi nakijua," alisema. "Kile kilikuwa na mtu ndani."

Alistaafu mwaka 2016. Figo zilianza kumsumbua 2021, ikabidi aende Iloilo mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, na huko nako aliwafanya wagonjwa wenzake waigize madaktari, madaktari wakicheka. Januari mwaka huu alichoka. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Februari 2024 nilimshika mkono nikamwambia, "Hulat, Shangazi. Hulat kidogo."

Alifumbua jicho moja. "Mwanangu," akasema, "wewe nilishakungoja." Alifariki saa tatu, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na miwili. Nina uchungu, sitaficha.

Ameacha mume wake Krispulo, watoto wawili, Amparo na Rosendo, wajukuu watano, kaka yake Victorino ambaye ni baba yangu, na wanafunzi ambao hakuna aliyewahesabu. Juzi yule muuza samaki wa Miagao, mzee sasa, alifika msibani na kapu zima la samaki. Alimkabidhi Mzee Pulong mkononi, bila kupima.

Walimu mliopo hapa, kesho mtoto akinyamaza mbele yenu, msitazame saa. Yeye apumzike kwa amani. Zamu ya kungoja ni yetu.