Maisha ya Kathure, Aliyekuwa Anakaa kwa Kiti ya Mgonjwa

Habari zenu nyote, na ndugu zetu wa Garbatulla, salaam aleikum. Naomba wale wamesimama nyuma ya hema wapate mahali pa kukaa, na wenye simu wazime, kwa sababu mimi nasoma polepole, na nikikatizwa napoteza mahali nimefika. Mimi ni Makandi, dada mkubwa wa marehemu, familia imenichagua nisome, na haya maneno nimeyaandika na mkono wangu, shule ya ngumbaru nilianza mwaka wa 2021 nikiwa na miaka hamsini na sita, kwa hivyo mnivumilie.

Kathure alizaliwa tarehe 14 mwezi wa nane mwaka wa 1971, huko Kibirichia, akiwa mtoto wa tano wa marehemu mzee Kaburu, mkulima wa viazi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, asubuhi mimi nikienda shamba yeye anaenda darasani, na jioni alikuwa ananisomea gazeti ile imefunga sukari, mpaka mahali imeraruka. Sekondari alimaliza mwaka wa 1990, na mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1994 akafuzu uuguzi.

Kazi alianza hapa Isiolo tarehe 6 mwezi wa pili mwaka wa 1995, na tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1997 akafunga ndoa kanisani na bwana Mworia, karani wa mambo ya mifugo, wakaishi Chechelesi kabla ya kujenga hapa Kiwanjani, na Mungu akawapa watoto wawili, Everlyne mwaka wa 1999 na Mawira mwaka wa 2003.

Sasa nikirudi kwa kazi, hapo ndio nitawaomba mnisaidie, maana mpaka saa hii sijaelewa vizuri. Mwaka wa 2004 dawa za virusi vya ukimwi zilianza kufika huku kwetu, lakini wa kuzipeana walikuwa wachache, dispensari ingine ni chumba moja na sista mmoja, hakuna maabara, hakuna mlango wa pili, basi Kathure akatumwa kufundisha wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, hapa mjini, Garbatulla, mpaka Merti, na hiyo barabara mnaijua. Alisema dawa ni rahisi kufundisha, kazi ngumu ni kuongea na mtu, na mgonjwa wa kweli hawezi kuletwa mbele ya darasa, huku kila mtu anajua hata mbuzi wa jirani. Kwa hivyo alikuwa anatoa yunifomu, anajifunga leso, anakaa kwa kiti ya mgonjwa, anaeleza shida kama ni zake kabisa, machozi yanatoka, na mwanafunzi lazima ampe majibu, amsikilize, amtulize. Wakimaliza, hakuwa anasema ilikuwa ni kuigiza. Alisema muuguzi akijua ni kuigiza hatatoka jasho, na asipotoka jasho hapo, atatoka siku mgonjwa wa kweli amekaa mbele yake.

Lakini hadithi zenyewe alizokuwa anawapa, sisi nyumbani hatukuzijua. Alhamisi jioni tukiwa kwa matanga, Molu, mhudumu wa afya kutoka Garbatulla, alisimama kutoa pole, akasema marehemu aliwaambia yeye alipatikana na virusi akiwa na mimba ya pili, sista akamkemea mbele ya foleni, na ndio maana yeye Molu tangu hiyo siku hajakemea mtu. Muuguzi mmoja wa hapa mjini akasema samahani, sisi alituambia aliambukizwa na bwanake, halafu bwana akafa mwaka wa 2002. Na Mworia amekaa pale pale na kikombe yake ya chai. Akasema, "Kumbe nilikufa, na hakuna mtu aliniambia." Watu wakacheka, halafu hawakujua kama ni sawa kucheka. Wale wa Merti nao wakasema, kwao alikuwa mama anaogopa kupimwa, na hajawahi kupimwa.

Wengi mnajua Everlyne anafaa kuolewa na Kinuthia mwezi wa nane. Shangazi ya Kinuthia, Keziah, alisikia hayo yote, akanivuta jikoni, akaniuliza kwa heshima, kati ya hizo hadithi tatu ya kweli ni gani. Wazee wetu wakaogopa harusi itavunjika, wakaniambia niandike wazi kwamba Kathure hakuwa na virusi. Nikaenda kwa Mworia, kama kuna mtu anajua ni yeye, akasema Kathure hakuwahi kutoa siri ya mtu, na yeye hataanza na ya Kathure. Nikaenda kwa sista Hamdia, mwanafunzi wake wa siku nyingi. Akaniambia, "Mama, mimi sijui. Alitufundisha mtu anasema yake akitaka mwenyewe. Sasa amelala hapo, nani atamuuliza kama anataka?"

Pressure ilimuanza mwaka wa 2018. Tarehe 30 mwezi uliopita alikuwa Garbatulla, kwa kiti yake ya mgonjwa, akainama, maneno yakakataa kutoka. Wanafunzi wakafikiria ni somo. Wakamshika mkono, wakamuuliza pole pole anasikia nini, wakamwambia tuko na wewe, vile aliwafundisha, mpaka Hamdia akaona mdomo umeenda upande, wakakimbiza gari. Hapo pia nimechanganyikiwa, sijui nikasirike kwa sababu walichelewa, ama nishukuru kwa sababu alishikwa mkono. Alifariki tarehe 3 mwezi wa tano mwaka wa 2025, hospitali hapa Isiolo, damu ilikuwa imevuja kwa ubongo.

Hapa kwa karatasi, chini ya ugonjwa, kuna ule mstari wa wazee. Niliuandika, na naweza kuusoma, lakini nitauruka. Nikiusoma, kuna mtu amekaa kwa hii hema anameza hizo dawa, na simjui, atasikia ni kama tunampangusa Kathure uchafu, na huo uchafu ni yeye. Kathure alikaa kwa hiyo kiti miaka ishirini ili hayo maneno yamwangukie yeye, si mgonjwa. Keziah, uliniuliza kwa heshima, na jibu langu ni sijui. Everlyne mwenyewe ameniambia leo asubuhi, "Mama mkubwa, kama watanioa, wanioe wakiwa hawajui."

Familia inashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiwanjani kwa kuni, maji na viti, wafanyakazi wenzake, na wote aliowafundisha.

Kathure, pumzika kwa amani. Nawaachia mchungaji, mimi naingia jikoni, wageni wa Garbatulla wako na safari ndefu na sijaona wakipewa chai. Ningojee kidogo, dada, nitarudi kabla mchanga haijaanza kurudishwa kaburini.