Wilbert Lwakatare, Msikilizaji wa Malori (1951–2025)

Tunayemzika leo katika kibanja hiki cha Kishanda alizaliwa papa hapa, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mzee Mushumbusi na Mama Vestina, wote wakiwa sasa marehemu. Alibatizwa mwaka huohuo. Alikulia kwenye migomba na mibuni kama wenzake, ila dada zake walisimulia kwamba lori la kuchukua kahawa lilipokuwa bado linapanda mlima, hata halijaonekana, Wilbert alikwishasema ni la nani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Baba yake aliuza ng'ombe ili kijana apelekwe Mwanza kujifunza ufundi wa magari, na Wilbert aliyasoma mafunzo hayo kwa miaka miwili bila kurudi nyumbani hata Krismasi.

Mwaka 1970 aliajiriwa Bukoba katika gereji ya Bwana Rajabali, aliyekuwa pia na duka la vipuri. Huko ndiko alikojulikana kwa kazi moja iliyowashinda wengi, yaani kutambua mlio mdogo ndani ya injini ya dizeli. Mlio wa namna hiyo, tik-tik-tik, unaweza kutoka kwenye tapeti zilizolegea, nozeli ya kupulizia mafuta iliyochoka, moshi unaovuja kwenye gaskiti ya ekzosti, au beringi ya konrodi, kile chuma kinachosukumwa na pistoni, inayoanza kufa. Kwa mpita njia yote ni sauti moja. Mzee Wilbert alijua kwamba wa ekzosti hufifia injini ikipata moto, kwa sababu chuma hupanuka na kuziba ufa. Wa nozeli hubadilika ukilegeza paipu yake. Wa beringi hukua gari likibebeshwa mzigo, na huo hausubiri. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Wateja wakiwa na haraka, Bwana Rajabali aliwaambia wangoje, Wilbert hajamaliza kusali.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Felicitas Kokugonza, binti wa Rubya. Wenzake gerejini walimleta bibi harusi kwa lori lililosafishwa siku nzima, na mama yetu amesema kwa miaka yote hii kwamba gauni lake lilinuka dizeli hata baada ya kufuliwa. Mungu aliwajalia watoto wanne. Bwana Rajabali alipouza mali yake na kuhama mwaka 1994, Mzee Wilbert alifungua gereji yake Muleba, kando ya barabara kuu.

Masikio yake yalianza kuondoka taratibu, na hakuna aliyejua. Injini ndizo zilizoyala. Aliendelea kusikia ngurumo, sauti za wanaume, mlango unaobamizwa. Kilichopotea kwanza ni sauti nyembamba. Hellen, mtoto wake wa pili, akija likizo kutoka sekondari alimsalimia baba na baba akapita. Hellen aliamini kwa miaka kadhaa kwamba kuna jambo alilomkosea. Mzee mwenyewe hakumwambia mtu. Fundi anayesifiwa kwa masikio angesema nini? Alipunguza maongezi, akaitwa mwenye kiburi, akakubali kuitwa hivyo.

Mwezi Juni 2011, msimu wa kahawa, dereva kijana aitwaye Kahangwa alimletea lori lililokuwa likitoa mlio. Mzee Wilbert aliweka bisibisi, akafumba macho, akasema injini imetulia. Kahangwa aliusikia mlio uleule wakati huohuo, wazi kabisa. Alisema mara moja tu kwamba yeye bado anausikia. Mzee akarudia kuwa imetulia, na kijana wa huku hambishii mzee mara ya pili. Akapakia kahawa akaondoka. Akiwa katikati ya mlima, konrodi ilikatika ikatoboa injini, lori likarudi nyuma na kulalia kibanja cha watu. Hakuna aliyekufa. Kahangwa alivunjika paja, na hadi leo anachechemea.

Mzee Wilbert alimfuata hospitalini akaketi kando ya kitanda, akamuuliza kama kweli mlio ulikuwepo. Kahangwa aliangalia ukuta.

"Ulikuwepo, Ta," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwetu. "Niliona aibu kukwambia husikii."

Mzee alirudi akafunga gereji. Alikaa uani miezi, akitazama tu migomba. Watoto walipendekeza apumzike, umri umekwenda. Mama hakukubali. Alimwona mumewe akififia akiwa mzima, akahofu kwamba akiachwa uani hatamaliza mwaka. Siku moja alisogeza kigoda upande wa kushoto, kwenye sikio lililobaki na nafuu, akamwambia, "Mimi nasikia. Wewe unajua. Kuna shida gani, waitu, mwenzangu?"

Hivyo ndivyo Mama Felicitas, aliyekuwa hapendi hata harufu ya magari, alivyoanza kushika bisibisi. Asubuhi alilima, mchana alikwenda gerejini kusimama kwenye moshi. Hakujua majina ya vitu, kwa hiyo alisema alichosikia kwa namna ya nyumbani. Huu ni kama maharage yanayopasuka juani. Huu ni kahawa kavu ikimwagwa kwenye ungo. Huu unakuja, unapumua, unarudi. Mzee alimuuliza: unapungua gari likipata moto? Nikilegeza hapa, unabadilika? Kisha akatamka ugonjwa, na vijana wake wakafungua. Mzee na Mama walibishana pia. Ilitokea Mama akasema maharage na Mzee akakataa, akimwambia asikilize tena, na wakabaki wamenuniana juu ya injini inayonguruma.

Madereva walicheka mwanzoni. Mmoja alimuuliza Mama kama atawaambia pia kesho mvua itanyesha.

"Ya mvua sijui," Mama alimjibu. "Hili lako linadonoa kama kuku wa jirani, na wewe umelinyamazia tangu Bukoba."

Gereji ilikuwa na sheria moja tangu hapo: dereva asikubali neno la fundi ikiwa sikio lake linakataa. Mzee alimwambia hivyo kila aliyeingia, pamoja na sababu yake, na kwamba sababu hiyo inaitwa Kahangwa. Wa kwanza kuleta lori chini ya sheria hiyo alikuwa Kahangwa mwenyewe. Walifanya kazi hivyo wakiwa wawili, wakichoka wawili, hadi mwaka 2022.

Kisukari alikuwa nacho tangu 2016. Mwaka 2023 figo zilianza kushindwa, akawa mtu wa kwenda hospitali na kurudi. Wauguzi wa Rubya walimhudumia kwa upole, nasi tunawashukuru. Sauti zao hakuzisikia, Mama ndiye aliyezirudia sikioni mwake. Alifariki hukohuko Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 73.

Juzi jioni Kahangwa alifika msibani na lori lake, akaliacha linanguruma kando ya uzio. Staata ni mbovu, likizimwa ni kusukuma. Mama alikuwa ameketi mkekani na wanawake. Aliinua kichwa, akasikiliza, akageuka kuegemea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akamwita Kahangwa.

"Zima gari, mwanangu. Nimesikia, ila sina wa kumwambia."

Kahangwa akazima. Usiku ulipoingia wanaume walilisukuma hadi barabarani.

Mzee Wilbert ameacha mjane, Felicitas Kokugonza, watoto wanne, Datius, Hellen, Elieth na Annastella, wajukuu tisa, mdogo wake mmoja aliyeko Maruku, na Kahangwa, ambaye Mzee mwenyewe aliagiza atajwe hapa.

Alichoka, na amefika. Ee Bwana, mpe pumziko la milele, alale kwa amani.