Mama Cecilia na Kliniki ya Jumanne ya Kilwa Kisiwani

Baba Padre, ndugu, jamaa na majirani mliofika Kiranjeranje kutufariji, Mama yetu Cecilia Kornelio Mnali alizaliwa hapa hapa kijijini tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nne wa mzee Kornelio, mkulima wa ufuta, na mama Tekla, aliyefariki kwa uzazi Cecilia akiwa na miaka tisa, jambo ambalo hakupenda kulizungumza, ila wanawe walijua ndilo lililomchagulia kazi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1961 hadi 1967, akabaki nyumbani kulea wadogo zake, na mwaka 1974 akajiunga na mafunzo ya ukunga na afya ya mtoto mjini Lindi, alikohitimu mwaka 1976 na kupangiwa Kilwa Masoko. Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa na mwalimu Petro Chilumba, wakajaliwa Leonard mwaka 1980 na Flora mwaka 1983, ambao chakula chao cha mchana, mama akiwa kazini, kilikuwa kwa jirani yao Bi Hamida.

Mwaka 1984 alipangiwa kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani kila Jumanne kupima wajawazito na kuchanja watoto, na kwa majuma sita alikaa na mzani wake asipate hata mama mmoja, maana wanawake wote walikuwa wa Bi Kazija, mkunga wa jadi. Cecilia, ambaye sote tunajua hakuwa mwepesi wa kujishusha, alimfuata barazani kwake, akamwamkia shikamoo, akasema, “Bibi, sikuja kukupokonya kazi, nimekuja unijulishe kwa watu wako.” Bi Kazija aliitikia marahaba, akamkaribisha mkekani.

Tarehe 9 Agosti mwaka huo, Samia, binti mwenye mimba ya kwanza, alikuwa na uchungu siku ya pili, wazee wake wakakataa avushwe mpaka mumewe arudi safari, na aliyetuma mtu Masoko kumwita Cecilia alikuwa Bi Kazija mwenyewe. Cecilia alimpima, akasema mtoto amekaa vibaya na mama apelekwe akapasuliwe, ndipo Bi Kazija aliposimama mbele ya wazee. “Ninyi nyote humu nimewapokea kwa mikono hii,” aliwaambia, “na huyu kanishinda. Mwacheni aende na Cecilia.”

Walivuka, mama na mtoto wakapona, na kuanzia Jumanne iliyofuata kliniki ilifanyika barazani kwa Bi Kazija, yeye akiita majina, Cecilia akichoma sindano, hadi bibi huyo alipofariki mwaka 1997. Cecilia alistaafu mwaka 2013.

Mwezi Machi 2023 alipata kiharusi, na kwa miezi ishirini Flora alimuuguza, akisaidiwa na wanawake wa Kisiwani waliokuja kwa zamu kumwogesha na kumlisha bila kuitwa, mpaka alipoaga dunia tarehe 3 Novemba 2024.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wakunga wenzake, Bi Hamida aliyekuwa mama wa pili wa watoto wake, na ndugu zetu Waislamu mliotuombea dua tangu juzi. Mama Cecilia, umesimama sana kwa ajili ya wengine, sasa pumzika kwa amani.