Sanduku Lililopigiliwa Misumari

Beshiri aliendesha luaji, teksi ya pamoja ya abiria wanane, kutoka Kairouan kwenda Tunis, na kazi yake ya pili ilikuwa kusikiliza. Asubuhi hiyo walikaa nyuma yake bibi Mongia na kijana Nizari mwenye kompyuta mapajani, wasiojuana mpaka walipogawana chungwa.

"Saa nne wenzangu wanaifuta seva yetu ya zamani," Nizari alisema. "Sauti zote za wafumaji wazee wa mazulia zimo kwenye diski yake. Lakini usiwe na wasiwasi, bibi. Wingu letu la kuhifadhia data tumelijenga wenyewe kwa programu huria, na humo diski ni kitu mbali na seva. Unaichomoa huku, unaichomeka kule."

"Kama sanduku langu la uarusi. Si kama kabati la ukutani, linalobaki na nyumba."

"Ndivyo hasa."

"Na una hakika halikupigiliwa misumari? Langu marehemu mume wangu alilipigilia sakafuni. Miaka arobaini namwita bahili, kumbe aliogopa nitaondoka nalo."

Beshiri alitabasamu kwenye kioo. Nizari hakutabasamu. Alifungua kompyuta akakuta tiki kwenye mipangilio: diski ifutwe pamoja na seva. Aliiweka mwenyewe siku ya kwanza, kwa haraka zake. Kuiondoa kuliwezekana ofisini tu. Akampigia mwenzake, simu haikupokelewa.

"Piga tena, mwanangu," bibi alisema, amemshika mkono.

Walifika kituoni saa nne kasoro dakika tatu. Beshiri, ambaye huwafukuza abiria kabla injini haijanyamaza, alizima redio. Milango ilikuwa wazi, simu inaita upande wa pili, na hakuna hata mmoja aliyeshuka.